Marahaba ya Mama Manyoya

Mama Manyoya alizaliwa na kinyaa chake, jambo la ajabu kwa mtu anayenyonyoa kuku nyuma ya soko tangu usichana wake. Matumbo ya kuku hayakumchefua hata kidogo. Waliomchefua ni wanadamu, na siku hizi hasa mmoja: mchumba wa bintiye, kijana mrefu kama ufito, aliyeajiriwa kulinda ndege wa asili ndani ya uzio. Hawafugi, hawauzi, hawali. Anawalinda tu, wasiliwe na panya na paka.

Kila akimwamkia, mama hakuitikia. “Nitaitikia nikishaiona hiyo kazi,” alimwambia bintiye. Na bila marahaba, nani angethubutu kutaja posa?

Basi Jumamosi moja wakaenda, mama na binti, na kikapu cha mama, kile kinacholala kibandani kwa kuku.

Kwenye lango la uzio palikuwa na milango miwili, na katikati yake kijumba chembamba kama choo cha stesheni, kinanuka dawa ya kuulia vijidudu kwenye viatu vya wageni. Kijana akafunga mlango nyuma yao. Shati lake lilipigwa pasi hata lingeweza kusimama lenyewe.

“Shikamoo mama.”

Mama akatazama dari.

“Samahani mama, naomba nikague kikapu. Panya mmoja tu akipita hapa, mayai yote kwisha, na mimi kazi sina.”

“Nibebe panya mimi? Umeniona paka?”

Kikapu kikafunguliwa. Likachomoka panya, limenona kama mwenyekiti wa soko, likaparamia ukuta, likateremkia gauni la Mama Manyoya, kisha sakafuni. Binti akarukia benchi. Mama, huku akipiga ukunga, akajikuta ameshika kitasa cha mlango wa pili, ule wa kuingilia kwa ndege.

“Mama, usifungue! Nakuomba!”

Hapo shetani akamnong'oneza: fungua. Panya aingie, kazi iote mbawa, mkwe naye apotee. Vidole vikakaza.

Kijana hakungoja. Akajitupa chini kifudifudi, tumbo juu ya panya. Kikasikika kitu kikipasuka, pwaa!, kama nyanya mbovu. Akainuka na shati lile la pasi, sasa lina utumbo na mkia.

“Ptu!” Mama akaachia kitasa, akaziba pua.

Mwishowe wakaingia. Kichakani kulikuwa na kindege cha kijivu, kipara, kinachodonoa kinyesi cha mwenzake.

“Ndiye huyu?”

“Ndiye, mama,” kijana akanong'ona, machozi yakimlenga.

“Hajazi hata sufuria ya chai!” Akamtazama ndege, akalitazama shati, akamgeukia bintiye. “Mtu anayelalia panya kwa ajili ya uchafu huu, wewe atakuacha lini? Mwanangu, umekwisha.”

Kisha akaficha mikono yote miwili mgongoni.

“Marahaba,” akasema. “Ila usinisogelee. Kaoge.”