Kitanda cha Mchangani

Baba alipofariki, mimi na dada yangu tulikuwa tumemuuguza miaka miwili hapa Kwihara. Dada alihama kwake Urambo, akamwachia mumewe shamba la tumbaku, tukawa tunapokezana kumgeuza baba, kumwogesha na kumnywesha uji. Waombolezaji walipotawanyika, tulibaki na rundo la mablanketi na mashuka yake. Kisima cha nyumbani kilikuwa kimekauka, kwa hiyo tukayabeba kichwani hadi lamboni, kwenye bwawa la kunyweshea mifugo.

Kiangazi kilikuwa kimeyarudisha maji nyuma, kikaacha ufuko mpana wa mchanga. Nikaanza kuloweka. Dada alikuwa kanipa mgongo kule mbali, ameinama, anaokota magamba ya kome, maganda ya mbegu za mninga yaliyoletwa na upepo, na mizizi iliyolainishwa na maji. Nilimwambia kazi ni nyingi na jua linapanda. Akasema anakuja. Hakuja.

Nikamfuata na povu mikononi, maneno makali yakiwa tayari mdomoni. Nikakuta amelaza mizizi miwili mirefu sambamba, na katikati yake anapanga kome, upande unaong'aa ukiwa juu, safu kwa safu. Alikuwa anapanga taratibu, kama mtu anayetandika. Yale maneno yakaniishia. Nikachuchumaa, nikawa nampa maganda ya mninga, naye akayazungusha pembeni kama pindo la shuka. Hatukuulizana tunatengeneza nini. Kwa muda mrefu mikono yetu haikuwa imeshika kitu kisichohitaji kufuliwa, kupikwa wala kufutwa.

Mama mmoja wa makamo aliyekuwa akinywesha ng'ombe alisimama karibu nasi. Tukamwamkia. Aliitikia, akayatazama magamba yetu, kisha akauliza kwa upole, "Hili kaburi la nani, wanangu?"

Dada alisawazisha gamba moja.

"Si kaburi, mama," alisema. "Ni kitanda."

Yule mama alitupa pole, akawaswaga ng'ombe wake wapitie upande wa pili wasije wakakikanyaga. Alipokwisha kwenda, dada aliketi mchangani, akalia. Msibani hakuwa ametoa chozi, na watu walikuwa wamemsema.

"Nimechoka, mdogo wangu," aliniambia. "Hata kulia nilikuwa nimechoka."

 Nami nilikuwa nimechoka vilevile. Alijilaza palepale, ubavuni mwa magamba yetu, na usingizi ukamchukua kabla sijamfunika kanga. Nikarudi majini, nikafua yote peke yangu, nikayaanika vichakani. Kiuno kiliniuma, lakini sikumwamsha.

Jua lilikuwa limeinama alipoamka, akaniuliza mbona sikumwita. Nikamwambia nguo hazikuwa nyingi. Alijua nadanganya. Tukagawana mzigo, tukaondoka polepole, tukipumzika kila tulipopata kivuli.