Jina Lililobaki Bironi

Siku alipoondoka, biro nzima, sisi wote wa ofisi ya komini, serikali yetu ya mitaa, tulimsindikiza mpaka barabara ya Bujumbura, na shefu, mkubwa wetu wa kazi, akambebea begi mwenyewe. Benki ya mjini ilikuwa imemchukua kijana wetu, yule aliyelinda kompyuta za komini, zenye vyeti vya kuzaliwa vya watu wa pwani yote hii ya ziwa, hapa Rumonge. Nilikasirika, wallahi. Nikamwambia shefu, kubeba begi mnajua, kumpa kontra, mkataba wa kudumu, kumewashinda!

Akacheka tu. "Mama, atarudi huyu."

Nilipomkumbusha tufute jina lake la kuingilia kwenye mashini, kompyuta zetu zile, akakunja uso. Kwetu, kufuta jina la mtu angali hai ni kumfungia njia ya kurudi. Hata mamangu angesema hivyo. Basi jina likabaki. Wakubwa huko juu nao wakaona nafasi iko na mtu, wasitutumie mwingine.

Miezi ikapita. Asubuhi moja nikawasha mashini, nikaliona jina lake limewaka kijani: yuko ndani, anafanya kazi. Moyo wangu ulifurahi. Nikasema, mudogo wangu hajatusahau, anatulinda kutoka hukohuko. Likawa linawaka kila asubuhi, nami nalisalimia: amahoro, amani kwako, mudogo wangu. Kiti chake kitupu, koti lake la mvua bado ukutani. Wenzangu wakaanza kuikwepa kona ile.

Jina lilipenda faili za wakimbizi waliorudi kutoka Tanzania. Karatasi zao za zamani ziliungua vitani. Kilichomo kwenye mashini ndicho ushahidi wao pekee wa baba yao ni nani, na kwamba shamba lake la kule Gatete au Minago ni urithi wao. Mume wangu ni mmoja wao.

Idi ilipokaribia nikampigia kijana simu nikiwa bironi, kumtakia heri na kumshukuru.

"Unanishukuru nini, dada?"

"Si unaingia kila siku? Hata sasa nakuona."

Nyuma yake nilisikia wateja wa benki wakiongea.

"Dada, tangu niondoke sijagusa mashini yenu. Huyo si mimi."

Kwenye kioo cha mashini, jina lake lilifungua faili la familia moja, likalifunga, likafungua la pili.

"Chomoa waya wa mtandao! Chomoa, dada!"

Niliuvuta kwa mikono miwili. Shefu akaja mbio, akaninyang'anya simu. "Mutoto wangu, rudi nyumbani."

"Kontra iko, shefu?"

Shefu akanirudishia simu.

"Basi futeni jina langu. Leo hii."

Tukalifuta. Halafu nikafungua faili la mume wangu. Jina lake mume wangu lilikuwepo, na siku yake ya kuzaliwa. Mahali pa jina la baba yake, mzee tuliyemzika wenyewe kule Gatete, pameandikwa jina la mtu nisiyemjua.