Siku Baba Alipomfundisha Kijana Kumchora Pengo

Mwezi uliopita niliingia katika duka la vifaa vya shule kule Old Kampala kumnunulia binti yangu rangi. Mwenye duka, mama mmoja wa Kihindi aliyefunga miwani yake kwa kamba, alikuwa akihangaika kuzibua kichupa cha wino mweusi kilichokaa rafuni miaka mingi. Kizibo kilipokubali, harufu ikatoka: kafuri, masizi, na kitu kingine kikali ambacho hadi leo sikijui jina. Nikashika kaunta. Nilikuwa na miaka tisa tena, na baba yangu alikuwa ameinamia meza yake karibu na dirisha, ulimi ukichungulia pembeni mwa mdomo.

Hiyo ndiyo ilikuwa harufu ya kwetu. Tuliishi Ntinda, nyuma ya safu ya maduka, katika nyumba ya vyumba viwili. Wazazi wangu walihamia Kampala kutoka Bungoma kabla sijazaliwa. Mama aliuza madaftari na kalamu kwa jumla katika vichochoro vya biashara vya Kikuubo. Aliondoka jua halijachomoza vizuri na kurudi sauti imemkauka kwa kubishana na wateja. Baba alibaki nyumbani akichora. Hakuajiriwa na mtu yeyote. Wiki hii alichora maisha ya mbu kwa ajili ya kitabu cha sayansi, wiki ijayo ng'ombe aliyepasuliwa ubavu ili watoto wayaone matumbo yake manne, na baada ya hapo mama mwenye furaha isiyo ya kawaida akinawa mikono, wa kubandikwa ukutani zahanati. Majirani waliomwona saa tano ya asubuhi akiwa na kandambili walimhurumia. Mmoja wao alimwambia mama, kwa upole kabisa, kwamba kuna kiwanda kinatafuta walinzi.

Lakini kila Jumamosi, hata wale waliomhurumia walimsoma. Katika gazeti moja la mjini, ukurasa wa watoto, kulikuwa na visanduku vinne vya katuni visivyo na neno hata moja, na ndani yake aliishi msichana aitwaye Pengo. Pengo alikuwa mimi. Nilipong'oka jino la juu nikiwa na miaka sita, baba alinichora nikijaribu kupiga mluzi na kumrushia paka mate, akaupeleka mchoro gazetini, na wakaupenda. Wakampa karatasi ya kutia sahihi, naye akatia palepale amesimama, akicheka, huku akinishika mkono. Jino langu likaota. La Pengo halikuota. Yeye alibaki na miaka sita na matatizo yake ya kila wiki: mwavuli uliogeuka, kuku aliyekataa kukamatwa, chapati iliyopeperushwa na upepo ikamfunika mwalimu uso.

Nawaambia ukweli, nilijivuna. Shuleni hata mwalimu mkuu aliniita Pengo. Ilikuwa raha kuwa na mwenzangu anayeanguka kwenye matope kwa niaba yangu, halafu mimi nikapigiwa makofi.

Aliyempenda kuliko wote alikuwa jirani yetu Afande Ojok, polisi mrefu kutoka Lira, aliyeongea Kiswahili cha kambini kwa sauti ya gwaride. Jumamosi moja, wakati wa likizo, alikuja kwetu akiwa bado na mabuti ya kazini, gazeti limekunjwa chini ya kwapa. Hakubisha hodi.

“Baba Nekesa,” akasema, “hii mutu gani alichora mutoto yetu?”

Baba alicheka, akadhani ni utani. Afande akalifungua gazeti juu ya meza, juu ya mchoro uliokuwa bado haujakauka, na baba hakulalamika kuhusu mchoro. Nilisimama nyuma ya bega lake nikatazama. Gauni lilikuwa lile lile. Viatu vile vile. Lakini pengo lilikuwa upande usio wake, macho yalikuwa makubwa kama ya bundi, na rangi zake zilikuwa laini mno, za kompyuta, kama pipi iliyolambwa.

“Hii si Pengo,” Afande alisema. “Hii iko dada yake, ile sisi hapana penda.”

Mimi nilicheka. Baba hakucheka. Jumatano ile alikuwa amepeleka visanduku vyake vinne kama kawaida, ndani ya bahasha ya kaki, na hakuna aliyemwambia kitu. Alipitisha kidole chake juu ya uso ule mgeni, taratibu, kama mtu anayempapasa mtoto kuona iwapo ana homa. Afande alisimama akivuta mkanda wake, akauliza kama kuna mtu wa kukamata. Nilimwona akitamani sana awepo. Kisha akaondoka, na akaacha gazeti.

Jumatatu baba alivaa koti lake la kanisani, akanipandisha mbele yake kwenye bodaboda, tukaenda. Sijui kwa nini alinichukua. Labda ni kwa sababu mama alikuwa Kikuubo na hakukuwa na wa kukaa na mimi. Labda alidhani wakiniona wataona haya.

Mhariri wa ukurasa wa watoto alikuwa mama mwenye sauti ya taratibu. Alitupatia viti, akaniagizia soda. Ningefurahi angetufokea. Walizungumza Kiingereza cha ofisini, na nawasimulia kama kilivyobaki kichwani mwangu. Alisema gazeti limebadilika, kila kitu sasa kinafanywa hapohapo ndani, kwa kompyuta, na barua ya kumjulisha baba bila shaka ilichelewa mahali.

“Ukurasa ni wenu, madamu,” baba alisema. “Sina ubishi. Lakini huyo msichana ni wangu. Mumwache aende nyumbani.”

Yule mama alifungua faili, akatoa karatasi moja na kuigeuza ili baba aisome. Niliitambua sahihi yake, ile herufi ya mwisho yenye mkia mrefu. Jina la Pengo, sura ya Pengo, nguo za Pengo na yote ambayo Pengo angefanya tangu siku ile vilikuwa mali ya gazeti. Baba aliisoma mpaka mwisho. Kisha akarudi juu, akaisoma tena, kama vile mara ya pili maneno yangeweza kumwonea huruma.

“Pole sana, mzee,” mhariri alisema, na nadhani alimaanisha.

Tulikuwa tumeshasimama kuondoka alipoingia kijana mwembamba mwenye kitambulisho cha kazi shingoni. Ivan, ndivyo kilivyoandikwa. Alipomwona baba alisimama kama mtu aliyefumaniwa. Kisha akapiga magoti nusu, kwa heshima ya Kiganda, akamshika baba mkono kwa mikono yake yote miwili.

“Ssebo,” akasema, yaani bwana kwa Kiganda, “ni mimi ninayemchora.” “Nilipewa tu. Nimejifunza kuchora kwa kumwiga Pengo wako, tangu niko sekondari.” Akameza mate. “Lakini kukimbia kunanishinda. Wangu kila nikimkimbiza anaonekana kama anaanguka. Wewe unafanyaje?”

Nilimtazama baba nikisubiri amtukane. Niliomba amtukane. Nilijua maneno kadhaa ambayo angeweza kutumia, mengine niliyajifunza kwa Afande.

Baba alivuta kiti, akaketi tena.

“Lete karatasi,” akasema.

Akachora. Hata mhariri akaja kuinama juu ya meza. “Yeye haanzi kukimbia kwa miguu,” baba alisema. “Anaanza kwa kichwa. Miguu inakuja baadaye, imechelewa. Unaona? Na mkono wa kushoto anaukunja, kwa sababu siku zote kuna kitu amekificha humo.” Ivan aliitikia kwa kichwa, akiandika. “Pengo liko kulia kwake, si kulia kwako wewe unayemtazama. Akitaka kudanganya anashika sikio. Akikasirika halii, anakwenda kukaa chini ya kitu, meza au kitanda, usimchore akilia.” Akasita kidogo. “Na usimpe mbwa. Watakuomba umpe mbwa, watoto wanapenda mbwa kwenye katuni. Usikubali. Anawaogopa sana, ila hasemi.”

Masikio yangu yalipata moto. Kweli niliwaogopa mbwa. Sikuwahi kumwambia mtu yeyote.

Alimaliza, akamwachia Ivan karatasi, akamshika bega. Tukatoka. Barabarani kulikuwa na jua kali na honi, na mimi nilikuwa nimejaa hasira kuanzia unyayoni.

“Kwa nini umemfundisha?” nikamwuliza. “Yule ni mwizi! Wewe ni mwoga, baba!”

Alinitazama kama mtu aliyeitwa kwa jina la mtu mwingine. “Panda pikipiki, mama,” akasema. Njia nzima hadi Ntinda nilihisi kifua chake mgongoni kwangu, kikipanda na kushuka, na sikuegemea.

Nilikaa chini ya meza yake jioni ile mpaka mama aliporudi. Baba aliendelea na ng'ombe wake wa sayansi juu ya kichwa changu; nilisikia kalamu ikikwaruza, ikisimama, ikikwaruza. Hakumchora Pengo tena, hata kwenye vumbi la dirisha, hata nilipomwomba miaka miwili baadaye hasira yangu ilipokuwa imeisha. “Siruhusiwi,” alisema. Lakini kila Jumamosi alinunua gazeti, akafungua ukurasa ule kabla ya ukurasa mwingine wowote, akautazama kwa muda mrefu. Wakati mwingine aliguna. Siku moja alisema, “Leo amekimbia vizuri,” akaenda kunawa mikono. Mwaka uliofuata Pengo hakutokea tena. Hakuna aliyeeleza. Mahali pake paliwekwa tangazo la maziwa.

Kwa miaka mingi niliisimulia hadithi hii kama hadithi ya mtu aliyewapa watu kila kitu kwa sababu hakujua kugombana. Nimeisimulia hivyo mbele ya wageni, yeye akiwepo, naye akatabasamu tu. Mwaka jana nilipata kazi ya miezi miwili mbali na nyumbani, nikalazimika kumwacha binti yangu kwa mama mkwe. Usiku mtoto hawezi kulala bila mlango kuwa wazi kidogo, uji wenye mabonge anautapika, na akinyamaza ghafla ni kwamba anaumwa sikio. Niliandika yote hayo kwenye daftari la kumwachia bibi yake. Nilipofika ukurasa wa pili kalamu ilisimama, na pale jikoni nikasikia sauti ya baba: usimpe mbwa.

Nilimpigia baba, ambaye sasa amerudi Bungoma. Nikamwambia kwamba siku ile nilimwita mwoga.

“Nakumbuka,” akasema.

“Kwa nini hukunieleza?”

Nikamsikia akivuta kiti, akaketi.

“Ningekueleza nini, mama?” akasema. “Nilikuwa sijui la kufanya. Nilikuwa nakutazama wewe, nikidhani labda wewe unajua.”