Kiti cha Baiskeli kwenye Mashine ya Njugu

Miaka michache baada ya Uhuru nilikuwa mwanafunzi katika chuo cha ufundi karibu na Rongo. Mwaka wa mwisho mwalimu alitugawa katika makundi ya watu wanne, akaagiza kila kundi litengeneze mashine ya kumfaa mkulima. Kundi letu lilichagua mashine ya kubambua njugu karanga, kwa sababu wote wanne tulilelewa na akina mama waliobambua njugu kwa vidole mpaka ngozi ikachubuka. Hakuna kati yetu aliyewahi kuwasaidia kumaliza zaidi ya bakuli moja.

Tulichora kwa wiki tatu. Mashine ilikuwa na nusu pipa lililotobolewa matundu, na ndani yake gogo lililovishwa vipande vya tairi kuukuu. Gogo likizunguka, njugu zinasuguliwa, maganda yanapasuka, punje zinaanguka chini. Nguvu ilitoka kwenye pedeli na cheni ya baiskeli. Mwendeshaji alikaa juu ya kiti cha baiskeli kama mtu anayeenda Migori. Wazo la kiti lilikuwa langu, na nililipenda sana.

Jaribio la kwanza lilitoa unga uliochanganyika na maganda. La pili lilitoa njugu vilevile zilivyoingia. Siku ya tano nyingi zilitoka nzima, mwalimu akasema tukawaonyeshe wakulima wenyewe.

Lori la chuo lilitupeleka kijiji kimoja upande wa Kendu Bay, Jumamosi asubuhi. Tuliishusha mashine sokoni, tukasubiri. Hakuja mtu. Karibu saa tano akapita mzee mmoja aliyevaa koti, Biblia kwapani.

"Mnamngoja nani?"

"Akina mama, mzee. Tumewaletea mashine."

"Wako kanisani. Leo ni Sabato." Aliitazama mashine. "Nayo ipumzike."

Sisi wanne tulikuwa Wakatoliki, mwalimu pia. Tuliipakia tena kwenye lori.

Tuliporudi Jumatatu, walikuja akina mama kama ishirini. Mwenyekiti wao, mama mnene mwenye sauti ya chini, aliizunguka mashine mara mbili, kisha akaonyesha kiti.

"Nani anakaa hapo?"

"Wewe, mama," nikamjibu.

Mmoja wao akaangua kicheko, na wengine wakamfuata.

"Nyathina, mwanangu," mwenyekiti aliniambia, kwa upole wa mtu anayesema na mtoto mgonjwa, "mimi ni mke wa mzee wa kanisa. Nipande hapo, nguo ifike magotini, katikati ya soko?"

"Hatukufikiria hilo, mama."

"Mama yako ulimwonyesha?"

"Hapana."

"Anakaa wapi?"

"Homa Bay."

"Si mbali," akasema.

Wenzangu watatu walikuwa wanachunguza cheni kana kwamba ndiyo iliyoulizwa swali.

Mwenyekiti akataka kujua kama gogo lingezungushwa kwa mkono. Spana tulikuwa nazo. Tulifungua kiti, tukaondoa cheni, tukafunga mkono wa pedeli moja kwa moja kwenye mhimili wa gogo, na mahali pa pedeli tukaweka kipande cha mpini wa jembe. Alivuta kigoda, akanyoosha miguu mbele, akaanza kuzungusha. Kufikia adhuhuri gunia zima lilikuwa limekwisha, na alikuwa amekwisha kupanga nani atafuata.

Mwalimu alieleza kwamba mashine lazima irudi chuoni ikasahihishwe.

"Isahihishe hapahapa," mama akamwambia. "Sisi hatukuzuii."

Ilibaki. Mwalimu alitupunguzia alama kwa kuwa haikufanana na mchoro. Nilirudi na kiti cha baiskeli nimekipakata.

Likizo ilipofika nilimsimulia mama yangu habari yote, hata ile aibu. Alisikiliza huku akibambua njugu, bila kucheka.

"Huyo mama ana akili," alisema hatimaye. "Na yangu inakuja lini?"

Ilimchukua mwaka mzima kuipata, baada ya mimi kuajiriwa kwenye karakana moja Migori. Kabla ya kukata chuma nilikwenda nyumbani na futi kamba, nikamwomba aketi anavyoketi siku zote, nikampima mkono. Aliunyoosha bila kuuliza sababu, akaendelea kuongea na jirani.