Shikamoo ya Mama Ruthu

Devota alipopandishwa cheo kuwa msimamizi wa wachuma zabibu huko Makutupora, alipelekwa semina ya siku mbili, akaambiwa kiongozi hana upendeleo. Neno hilo akalishika kama lilivyo. Jumatatu Mama Ruthu, rika la mama yake mzazi, aliyemfundisha kushika mkasi, alichelewa dakika ishirini. Devota akamrudisha nyumbani mbele ya watu wote.

Kesho yake wimbo wa shambani ulikatika alipokaribia. Akainama kumwamkia yule mama kama siku zote, lakini Mama Ruthu akamwahi, akapiga goti vumbini.

“Shikamoo, bosi.”

Wanawake wote wakasimamisha mikasi, wakasubiri Devota aitikie marahaba.