Sio Ile, Ni Mafua Tu

Mama yangu alikuwa na kifua kibaya. Zaidi ya miaka ishirini alipikia watoto wa shule ya msingi kwa kuni, katika jiko lisilo na dirisha la maana, na alipostaafu alirudi nyumbani kwetu, kwenye mteremko wa vilima vya Iveti, Machakos, na ule moshi wote akarudi nao. Kila mwaka Juni ikiingia na ukungu ukishuka mpaka kwenye migomba, kuna mtu angemletea mafua. Wewe na mimi mafua tunayamaliza kwa kitambaa na chai ya tangawizi. Yeye yalimpeleka hospitali.

Mimi nashona katika kiwanda cha nguo huko Athi River, wakati huo na mpaka leo. Nina binti mmoja, na ana jina la mama yangu. Kwetu Ukambani mtoto akipewa jina la nyanya yake, yaani susu wake, basi ndiye huyo nyanya, kwa hiyo binti yangu namwita mwaitu, yaani mama, na nikimgombeza huwa najisikia mkosefu wa adabu. Tukienda Machakos, mama yangu alikuwa na jambo lake kabla hatujaketi. Alimvuta mtoto, akamfungua kifungo cha juu, akamtemea mate kidogo kifuani, akayasugua kwa kidole gumba huku akimwombea akue, asome, aje amzike yeye. Ni baraka ya wazee wetu. Mtoto alikuwa akicheka sana kwa sababu kile kidole kilimtekenya.

Halafu ikaja korona. Mtoto alikuwa na miaka minne. Niliogopa kuliko nilivyowahi kuogopa kitu, na sikuficha. Barabara zilipofunguliwa nikaanza kwenda kumwona mama, lakini niliweka sheria: yeye aketi kwenye kigoda chake mlangoni, sisi tubaki langoni, na vitu nilivyobeba vichukuliwe na mama mkubwa, dada yake, ambaye boma lake limepakana na letu. Mama aliita salamu yetu, "Wakya," nasi tukaitikia "Aa" kutoka kule, majirani wote wakisikia. Aliniambia nasimama langoni kama mnunuzi wa kuku. Nikacheka. Yeye hakucheka sana.

Sasa sikiliza jambo ambalo sikulitegemea. Juni iliingia barabara zikiwa bado zimefungwa, ukungu ukashuka, na mama hakuugua. Julai ikaisha hajakohoa hata mara moja ya kunitisha. Kiwandani walikuwa wametutenganisha, kati ya mshonaji na mshonaji mashine moja imezimwa. Zamani mtu mmoja akija na mafua Jumatatu, yalipita mashine kwa mashine, na kufikia Ijumaa msimamizi anapiga chafya. Mwaka huo hakuna aliyepiga chafya. Hata pua ya binti yangu, iliyokuwa haikauki, ilikauka. Nesi wa zahanati ya karibu na kwa mama alisema dawa ya kikohozi cha watoto imekaa tu kwenye rafu, akina mama hawaji. Tulikuwa tumekimbia ugonjwa mmoja, na yale mengine madogo madogo ya kila siku yakakosa njia ya kutufikia.

Nikashika hapo. Watu walipoanza tena kusalimiana kwa mikono, mimi sikuachia. Barakoa zikaondoka, harusi zikarudi, na mimi bado niko langoni. Mama akapita Julai ya pili salama, nami nikajisifu kimoyomoyo kana kwamba mimi ndiye daktari. Mama mkubwa alinipasulia siku moja. Alisema nimemfunga dada yake kama mbuzi wa kununuliwa, anaangaliwa kutoka ng'ambo ya ua. Nilimjibu vibaya. Nilimuuliza kama ni yeye atakayelala hospitalini naye. Bado naona aibu kwa jibu hilo.

Mama mwenyewe hakuwahi kunigombeza. Alizidi tu kukisogeza kigoda. Kila tukienda nakuta kimekaribia lango hatua moja, na yeye anajifanya kwamba ni jua analifuata.

Mwaka wa tatu, mwezi wa Julai, mtoto alikuwa ameanza shule. Asubuhi ya safari alipiga chafya mara mbili. Nilimpeleka kwa duka la dawa, akapimwa korona kwa kile kijiti cha puani, akalia, majibu yakatoka safi. Yule muuzaji akaniambia, sio ile, mama, ni mafua tu. Nilifurahi, nakuambia, nilitembea kama mtu aliyefaulu mtihani. Miaka mitatu kila mtu alikuwa akiuliza swali moja tu, ni ile ama sio ile, mpaka hata mimi, ambaye nilikuwa nimeona kwa macho yangu ni nini kilichokuwa kikimlaza mama kila Julai, nikasahau kuuliza swali lingine.

Tulipofika langoni mama akaona pua ya mtoto.

"Ni ile?" akauliza.

"Sio ile. Tumepima. Ni mafua tu."

Akainuka kwenye kigoda. Akafungua mikono, na mtoto akanipita mbio. Mimi sikumzuia. Ningeweza. Nilikuwa na mkono mmoja mtupu kabisa. Mama alimfungua kifungo, akamtemea kifuani, akasugua kwa kidole gumba, na maombi ya miaka yote hiyo akayaomba kwa mara moja. Kisha wakala muthokoi, mahindi yetu ya kukobolewa na maharagwe, kutoka sahani moja kwa kijiko kimoja, huyu anamlisha huyu. Niliketi nikawatazama. Sijawahi kumwona mama yangu na furaha kama ile, na sitadanganya niseme nilikuwa na wasiwasi. Nilikuwa nimeshiba kwa kuwatazama.

Jumatano akaanza kukohoa. Jumapili alikuwa kwenye oksijeni. Daktari alisema ni nimonia, na kwamba kwa kifua kile mafua ya kawaida yanatosha kabisa. Nilimshika mama mkono, bila barakoa, bila umbali, sasa ningekaa mbali ya nini? Alinivuta sikio karibu na mdomo.

"Usimwambie mtoto. Sema niliyatoa kanisani."

"Mama, pumzika."

"Sema kanisani."

Akafa Jumanne. Nikasema kanisani. Nilisema kwa majirani, nikaandika hivyo katika historia yake ya mazishi, ikasomwa kaburini mtoto amesimama mbele yangu. Baada ya mazishi mwanamke mmoja wa kwaya alinifuata jikoni akilia. Alisema ni yeye aliyekuwa akikohoa kanisani Jumapili ile kabla mama hajaugua, na walikuwa wameshika kitabu kimoja na mama, nimsamehe. Nikamsamehe. Mungu wangu, nilisimama pale na mwiko mkononi nikamsamehe.

Sijui mpaka leo kama lango lilikuwa sawa ama lilikuwa dhambi. Lilimpa mama Julai mbili, na likamnyima mjukuu wake kwa Julai hizo hizo. Siku nyingine nataka kurudi nimzuie mtoto kwa ule mkono mtupu. Siku nyingine nataka kurudi nimwachilie mapema zaidi.

Jumamosi iliyopita tulikwenda kumwona mama mkubwa. Amezeeka, macho yamefifia, na siku hizi ndiye amekalia kile kigoda cha mama, pale pale mlangoni. Binti yangu yuko gredi ya nne, mrefu, si wa maneno mengi. Niliingia nikaweka mizigo chini, nikageuka, sikumwona. Alikuwa amebaki nje ya lango.

Mama mkubwa akaita, "Wakya." Mtoto akaitikia "Aa" kutoka kule kule. Akaambiwa aje abarikiwe. Akatikisa kichwa, akafunga kifungo cha juu cha sweta yake.

"Niko na mafua, susu."

"Mafua tu? Njoo, mama."

"Hata siku ile yalikuwa mafua tu," akasema.

Hakuna aliyewahi kumwambia. Miaka yote hii mimi namwambia kanisani, naye anaitikia kwa heshima. Nikatoka nje ya lango nikamshika, tukasimama pale, na mama mkubwa akawa anauliza kutoka mlangoni mbona hatuingii.