Abiria Watatu wa Mama Mizani

Kiwandani walimwita Mama Mizani kwa sababu kazi yake ilikuwa kupima malori. Lori liliingia tupu, akalipima. Lilitoka na saruji, akalipima tena. Dereva akatia sahihi, akaenda zake. Yeye alikaa langoni ndani ya kibanda cha vioo, na watu aliosema nao kutwa walikuwa juu kwenye malori yao, wakinyoosha mkono kupokea karatasi. Wengine aliwajua kwa viwiko tu.

Mumewe alikuwa amefariki miaka mingi nyuma, akamwachia nyumba ya vyumba vitatu na gari dogo jeupe. Mtoto wao wa pekee alikuwa ng'ambo na mkewe. Alipiga simu siku za mapumziko, akauliza hali, akajibiwa nzuri, kisha kila mmoja akangoja mwenzake aage kwanza.

Basi la wafanyakazi lilipokufa injini, wakubwa walisema litatengenezwa. Wafanyakazi walipolisikia hilo wakaanza kutafuta viatu vya kutembelea. Wakati huohuo mafuta yakapanda bei, mpaka watu wakawa wanasema kujaza tenki ni sawa na kutoa mahari.

Asubuhi moja fundi umeme wa kiwanda alisimama kwenye dirisha la kibanda. Alikuwa mjane kama yeye, mtu mrefu, mkimya, anayesema kama anayetoa neno mfukoni.

"Mama Mizani, kila siku unakuja na viti vitupu. Vinakula mafuta na havilipi."

"Unataka lifti, Fundi?"

"Nataka kuchangia mafuta. Mimi, Mpishi wa kantini, na yule wa stoo. Kidole kimoja hakivunji chawa."

Kesho yake wakaanza. Mpishi na Stoo wakakaa nyuma, Fundi mbele. Hawajafika mbali Fundi akagundua kwamba mchango wao ungeishia njiani, maana Mama Mizani aliendesha kama mtu anayefukuzwa: anakanyaga mafuta, anakanyaga breki, anakanyaga tena mafuta.

"Ile taa nyekundu umeiona?" Fundi akauliza kwa upole.

"Nimeiona."

"Sasa unaiwahi ya nini? Haihami."

Mpishi akacheka nyuma mpaka akashika kiti. Mama Mizani aliudhika, lakini akainua mguu, gari likatambaa lenyewe kuelekea taa, na kabla hawajasimama ikawa kijani. Akaipita bila kugusa breki. Kesho yake aliinua mguu mapema zaidi.

Walipofika kiwandani siku hiyo ya kwanza, Fundi aliomba kufunguliwa buti. Ndani mlikuwa na makopo ya rangi yaliyokauka, matofali mawili, mnyororo wa kuvutia magari na viatu vya mpira vya marehemu.

"Unapima malori ya watu kutwa," Fundi akasema, "na lako hujalipima hata siku moja."

Jioni Mama Mizani alivitoa vyote. Viatu aliviweka uvunguni mwa kitanda, vingine akavitupa. Fundi akamtajia mengine, kila siku moja, kama mtu asiyetaka kummaliza mwanafunzi: matairi yakipungua upepo gari linavuta kama limefungwa kamba, chujio la hewa likijaa vumbi la saruji injini inakohoa na kunywa zaidi, ukishachanganya mwendo, panda gia mapema, usiiache injini ipige kelele bure. Mshale wa mafuta ukaanza kushuka taratibu. Hata yeye aliyezoea mizani alishangaa.

Siku moja Stoo alisema binamu yake huzima kabisa injini kwenye mteremko wa machimbo, na kushuka bure mpaka chini.

"Usijaribu," Fundi akamwambia Mama Mizani. "Injini ikizimika, breki zinakuwa ngumu na usukani unakuwa mzito. Mafuta utaokoa, meno utayaacha barabarani. Ondoa mguu tu, gia ibaki. Inatosha."

Pahali pa kuzima palikuwa kwenye reli. Treni ya mizigo ilikatiza njia yao karibu kila asubuhi, mabehewa yasiyokwisha, na magari mengine yalingoja huku yakinguruma. Fundi aligusa ufunguo kwa kidole, Mama Mizani akazima. Hapo ndipo mazungumzo yao yalipopata nafasi. Stoo alisimulia ugomvi wake na mwenye nyumba. Mpishi alitaja mwanamume aliyekuwa akimchumbia na kumtaja tena kesho yake kwa sifa nyingine kabisa. Mpishi huyohuyo ndiye aliyeanza kumwita Fundi "shemeji".

"Shemeji, mwambie dada afungue dirisha."

"Dirisha liko kwake, wewe mwambie."

"Mimi shemeji mdogo, siamrishi mwenye nyumba."

Mama Mizani alikuwa akisema, "Mpishi, nitakushusha hapahapa," na hakumshusha. Fundi alitazama mabehewa. Hakukubali wala hakukana, na Mama Mizani, ambaye usiku alikula amesimama jikoni kwa sababu kuandaa meza ya mtu mmoja kulimchosha, alianza kuamka kabla ya saa kulia.

Mambo mazuri hayaagi. Stoo alihamishiwa tawi jingine. Mpishi akaolewa, siyo na yule wa mwanzo, akahamia nyumba za kiwanda, kazini anakwenda kwa miguu. Wakabaki wawili mbele, na nyuma kukawa kimya. Ungedhani sasa wangesema mengi. Bila Mpishi wa kuwachokoza, walisemezana juu ya gari tu: upepo, plagi, foleni. Mara mbili tatu Mama Mizani aliandaa swali nyumbani, akalibeba mpaka kwenye reli, akarudi nalo.

Fundi alistaafu mwisho wa mwaka. Siku ya mwisho alishuka mbele ya nyumba yake, akabaki ameshika mlango.

"Nakwenda kukaa kwa binti yangu," akasema. "Nyumba hii nimeikabidhi kwa mwenyewe."

"Vizuri. Usikae peke yako."

"Usisahau upepo."

"Sitasahau."

Akaufunga mlango polepole, kama alivyofanya siku zote.

Gari likawa jepesi. Alipokuwa peke yake lilikwenda mbali zaidi kwa mafuta yaleyale, lakini gharama yote ikawa yake. Kwenye reli aliacha kuzima injini. Alijua ni hasara. Afadhali ile kelele.

Alivumilia mpaka mvua zikapita. Kisha Jumapili moja aliosha gari, akajaza mafuta, akaenda mji wa yule binti. Njia nzima alipanga atakachosema. Alichopanga kilikuwa kifupi: kwamba nyumba yake ina vyumba vitatu.

Mlango ulifunguliwa na mwanamke mrefu kama baba yake.

"Karibu, Mama. Wewe ndiye dereva aliyekuwa akimpeleka Baba kazini? Ametutajia."

"Ndimi," akajibu.

Sebuleni mlijaa watu: mkwe, wajukuu, jirani aliyekuja kutazama mpira. Fundi aliinuka kwa shida kidogo, akampokea kwa mikono miwili, na uso wake ulifurahi kweli. Akampisha kiti chake. Mjukuu mdogo akapanda magotini pa babu na kubaki hapo.

"Gari linakunywaje?" Fundi akauliza.

"Vizuri. Halisumbui."

"Na upepo?"

"Naangalia."

Binti alileta chai. Mkwe aliuliza hali ya kiwanda. Mama Mizani alimtazama Fundi akifunga kishikizo cha shati la mtoto bila kuangalia, kama kitu anachokifanya kila siku, akaona kwamba mtu huyu hana chumba kitupu ndani yake. Vyumba vyake vitatu havikuwa na kazi hapa. Akanywa chai, akaisifu, akaaga.

Fundi alimsindikiza hadi kwenye gari. Akalizunguka, akabonyeza tairi la mbele kwa mguu.

"Hili limekwisha. Libadilishe."

"Nitalibadilisha."

"Na usije tena mbali hivi, Mama Mizani. Ni kupoteza mafuta bure."

Alisema kwa huruma, kama mtu anayemwondolea mwenzake mzigo. Yeye akaitikia, akawasha gari. Hakulia mpaka alipotoka mjini, na hata hapo hakusimama kando. Alilia huku akiendesha mwendo mmoja, bila kukanyaga mafuta wala kufunga breki, vile alivyofundishwa, na mafuta yakamfikisha nyumbani na kubaki.

Tairi alilibadilisha wiki hiyo. Kisha akamwomba Mpishi atangaze kantini kwamba ana nafasi. Walikuja dada wawili wa ofisi ya mishahara, ndugu wa tumbo moja, waungwana sana. Wanachangia kabla hajawakumbusha na wanamwamkia kwa heshima. Njiani huzungumza wenyewe kwa lugha ya kwao, asiyoijua hata neno, na wakicheka sana mmoja humwambia, "Samahani, Mama, ni mambo ya nyumbani tu."

"Chekeni, wanangu," huwajibu. "Hamnisumbui."

Anapenda kusikia sauti ndani ya gari, na ndiyo maana hajawaacha. Siku ya kwanza aliwafungulia mlango wa mbele, mmoja apande. Wakatazamana, wakashukuru, wakaingia nyuma wote wawili, na huko ndiko wanakokaa mpaka leo.